Faida Iliyolala

Mimi ni mtunza hesabu. Nilipokabidhiwa daftari la Theluji
lilikuwa na doa la mafuta ya pweza na kurasa nne tu:
mtambo mmoja wa barafu, wa mkopo,
kutoka mkahawa wa piza uliofungwa kule Casuarina;
friza mbili, moja haina mfuniko;
tuktuk ya Kahindi Mwaringa, nusu yake.

Nusu ya tuktuk unaiandikaje?
Niliandika: gurudumu moja na nusu.

Dzame Kalume alicheka. Jina la kampuni, alisema,
alilichagua kwa kuwa hapa Malindi theluji haina mwenyewe.
Wakaanga samaki wa Maweni wakabonyeza simu,
kilo tano, kilo kumi, barafu ikawahi kabla ya inzi.
Mwaka wa kwanza, hasara. Wa pili, hasara yenye aibu kidogo.
Wa tatu nilijumlisha mara nne, nikaweka kalamu chini,
nikaenda kununua kaimati za watu wote.

Ndipo akaja Ornella wa Bergamo,
miaka kumi na minane Malindi, humwita kila mtu mwanangu,
hana haraka ya chochote isipokuwa mkataba.
Laki mbili za yuro. Ila kampuni izaliwe upya.
Si hapa, mnapokatwa thelathini kwa mia,
wala si kwetu, alisema, kwetu kodi inakula na maganda.
Tallinn. Alilitamka kama jina la mjukuu.
Huko faida ikilala haitozwi.
Hutozwa siku inapoamka, ikavaa viatu, ikatoka nje.

Sentensi hiyo niliipenda, siwafichi.
Nimeona faida ngapi zikilala mji huu:
chini ya godoro, ndani ya zege la ghorofa isiyokwisha,
na hakuna aliyezinyatia kwa heshima hiyo.

Usiku nikakata hisa. Mia za Dzame.
Toa ishirini na tano, Ornella.
Toa kumi na tano, mfuko wa Amsterdam, "wakipendezwa".
Toa kumi za wafanyakazi ambao bado wako darasa la saba.
Pembeni mwa ukurasa, mahali pa kumbukumbu, nikaandika:

Barafu imegawiwa, kila mtu na kipande,
Jua halikuambiwa, lisubiri au lende,
Kilo ikishapimiwa, maji yashika upande,
Mwenye ndoo atajuwa, ni pomoni ama shinde.

Dzame aliisoma. Hakusema kitu.
Aliuliza tu kama hamsini ya kitu kikubwa
inatosha kulipia friza yenye mfuniko.
Nikasema inatosha friza arobaini.
Akatia sahihi kwa kidole, kwenye kioo cha simu,
kidole kikiwa na unyevu, ikabidi arudie.

Sasa kuna Theluji mbili.
Mama yuko Tallinn, katika sanduku la posta.
Mtoto yuko Muyeye, anatoa jasho.
Na kila tarehe tano mtoto humlipa mama
ada ya kutumia jina lake mwenyewe.
Ni halali. Nimevisoma vifungu vyote, hata vile vya herufi ndogo.
Faida ya Muyeye inapungua, ya Tallinn inalala fofofo,
na yule kijana wa leseni za kaunti
hutazama hesabu zangu, hutazama foleni ya ndoo mlangoni,
halafu hunitazama mimi.

Jana Kahindi alikuja kusaini karatasi za gurudumu na nusu.
Alisoma jina la mji kwa sauti, herufi moja moja.
Kuna baridi huko?
Sana, nikamwambia. Bahari yenyewe huganda.
Akawaza, kalamu hewani.
Sasa wao barafu yetu
wanaitakia nini?