Mlango wa Nyamizi

Nianze na kihariri, maana hapo ndipo marafiki hugombana.
Changu ni cheusi, hakina vitufe, kinafunguka
kabla sijamaliza kuvuta kiti. Basi.
Msanzya, aliyehamia Dar, hunicheka: chake kinamkisia maneno,
kinamkamilishia sentensi kama mchumba.
Mimi napenda kuzimaliza sentensi zangu mwenyewe,
hata zikiwa mbovu. Hasa zikiwa mbovu.

Majina. Usiniandikie x, usiniandikie hesabu_mpya_kabisa_2.
Ndoo iitwe ndoo,
ili nikiamshwa saa nane usiku,
umeme wa Kiloleni umerudi na simu inaita kutoka Sikonge,
nijue naishika wapi.

Maktaba za watu nazikopa kama chumvi:
kijiko, si gunia.
Niliwahi kupakua moja, ya kupanga tarehe tu,
ikaja na ndugu zake mia tatu na kumi na wawili,
wakala bando la wiki nzima,
na mmoja wao alikuwa mgonjwa.

Usisambaze toleo Ijumaa.
(Nimewahi kulisambaza Ijumaa. Nitafika huko.)

Kila badiliko liandikie sababu. Si "nimerekebisha",
hilo hata mwizi husema.
Andika ulichovunja, ulichoogopa, nani aliomba.
Atakayesoma mwakani ni wewe,
na wewe wa mwakani hakumbuki kitu, tena ana hasira.

Kuhusu majaribio nilikuwa na kiburi.
Mia moja na arobaini, yote kijani,
kijani kama Ipole baada ya mvua.
Nikausambaza mfumo wa mizani wa ushirika wa asali
Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
nikafunga kompyuta, nikaenda kula kuku.

Wiki sita. Ndoo zinapimwa, risiti zinatoka,
karani Mihayo ananisifia kwa ujumbe wa sauti.
Kisha akaja Nyamizi, mrina asali.
Hakuja na barua ya malalamiko. Alikuja na mlango.
Mlango wenyewe, wa mninga, umeng'olewa bawaba,
umefungwa kwa mpira juu ya bodaboda
kilomita zote hizo za vumbi.
"Simu yangu haina kamera," akasema, akauegemeza ukutani.

Ulikuwa umejaa mkaa.
Mstari mrefu, kilo kumi. Mfupi, kilo moja.
Nukta, gramu mia.
Alikuwa akipima nyumbani kwanza, kwa mizani yake ya kuning'iniza,
kabla hajatuletea.
Ndoo ya tatu: kumi na tisa, nukta nne. Risiti: kumi na tisa.
Ndoo ya saba: kumi na nane, nukta tisa.
Risiti: kumi na nane.

Nukta zote tulikuwa tumezila.

Nikafungua majaribio yangu ya kijani.
Yote nilikuwa nimeyapa ndoo za kilo ishirini kamili,
kumi kamili, kumi na tano kamili,
ndoo ambazo hakuna nyuki aliyewahi kuzijaza.

Kosa lilikuwa neno moja. Nililifuta kwa dakika nne,
kwa kihariri kile kile cheusi, na sikujisifu.
Kuwarudishia warina gramu zao
kulituchukua hadi Novemba,
na wawili walikuwa wameshahamia Katavi.

Siku ile Nyamizi hakutaka soda wala pole.
Alitaka mlango wake kabla ya giza; stoo iko wazi.
Nikachuchumaa sakafuni, kompyuta mapajani,
nikanakili alama moja moja, kila ndoo jaribio lake,
faili nikaliita mlango_wa_nyamizi.
Linaitwa hivyo mpaka leo. Msanzya anasema si la kitaalamu.

Ndoo ya kumi na moja sikuweza kuisoma.
Mpira wa bodaboda ulikuwa umeifuta.
Nikampigia usiku, nikijua naomba kisichowezekana.
"Kumi na saba, nukta sita," akasema,
na nyuma yake nikasikia mtu anapigilia bawaba.