Bando la Usiku

Saa sita na dakika tano, Kibaigwa imelala,
malori yamezima taa kando ya maghala,
na mimi, Mbeleje binti Chilongani,
nimekalia gunia la mashudu, shuka mabegani,
natafuta pale ambapo mtandao husimama vijiti viwili:
kati ya ukuta na tangi la maji,
si hatua mbele, si hatua nyuma.

Shule yangu haina kengele.
Haina ada, haina sare, haina wa kuniuliza
mbona umechelewa miaka thelathini na moja.
Ina bando tu, la bei ya usiku,
linaloamka watu wakilala
na kufa kabla jogoo hajamaliza sentensi.

Jumatatu nilijifunza kunoa mkasi.
Jumanne, mtoto akiharisha
apewe maji, chumvi, sukari, na vijiko vingapi.
Nikahesabu vile vijiko.
Nikavihesabu tena.
Mwanangu wa pili nilimkosea kipimo.

Sikusoma kitu tena usiku ule.
Nilizima simu, nikasikiliza upepo wa Julai
ukichambua mabati.

Ikapita wiki. Nikarudi
kama mdaiwa anavyorudi dukani, kwa ubavu.
Nikasoma kupogoa mizabibu, nami sina hata mmoja;
kusoma mita ya umeme wa jirani;
kusema samahani kwa Kichina;
mwezi unamegwa na nani.
Nilikula kila kilichopakuliwa.
Mwenye njaa ya zamani hachagui mboga.

Kuna mwalimu wa hesabu, kijana,
ana sauti ya mtu aliyelala vizuri.
Alichora duara, akalikata kama mkate:
hii ni sehemu, akasema, na hili ni zima.
Mara nne nilimrudisha nyuma.
Hakukunja uso. Hakuniita gogo,
kama yule wa darasa la nne
aliyetukana kabila langu na akili yangu
kwa neno moja, darasa zima likacheka,
nami nikacheka nao.

Alhamisi alikuja Sakali dalali na kamba zake.
Gunia likajaa, akaongeza. Likafura, akaongeza,
akalishonea kilemba juu ya kilemba.
"Gunia ni gunia," akasema.
Nikatoa kalamu, nikaandika kiganjani:
mia ndiyo zima. Hii ni mia na thelathini.
Mara magunia kumi.
Kilo mia tatu, Sakali, za bure.

Loo, neno hili bure!
Usiku napewa, mchana nanyang'anywa,
na miaka yote nilidhani ni neno moja.

"Nani kakufundisha?"
"Usiku."
Akakunja kamba zake, akaenda kwa Mama Tatu,
ambaye hana simu.
Mahindi yangu yakalala siku tisa, panya wakayajua.
Kusubiri hakumo katika lile duara;
huko nilikwenda peke yangu, bila mwalimu.
Siku ya kumi akaja mwingine, na mizani.

Jana nilimwita Mama Tatu aje tangini.
Tumebanana juu ya mashudu, shuka moja,
masikio mawili kwa simu moja.
Analala haraka, lakini anakuja.

Na leo nimetafuta kitu kidogo:
ilende, namna ya kuianika isipoteze rangi,
kuitwanga isiwe vumbi tupu.
Nimeandika hivi, nimeandika vile.
Hakuna.
Dunia nzima inajua kupika keki
na haijui mboga ya mama yangu.

Basi asubuhi nimetandika mkeka uani.
Majani yapo, kinu kipo, jua la Kibaigwa
halijawahi kuomba ruhusa.
Nyemo, mwanangu, shika simu kwa mikono miwili.
Uso wangu uache, haufundishi kitu.
Shusha kidogo.
Vidole vionekane.
Haya, bonyeza.