Buti la Vardges

Hripsime aliingia na theluji mabegani,
picha ya marehemu mumewe ndani ya kifuko cha miwani,
ndogo kama stempu.
"Nataka iwe kubwa kama mlango," alisema.
"Jiwe liko tayari. Jeusi. Limeshasuguliwa."

Duka letu liko Gyumri, nyuma ya kituo cha treni.
Nikaiweka kwenye skana, nikavuta.
Uso ukaja, ukakua, ukaanza kukatika:
jicho likawa vigae kumi na viwili vya kijivu,
masharubu yakawa ngazi.
Nikavuta tena. Vardges akawa sakafu.

"Umemharibu."

Hapana, mama. Picha hii ni hesabu ya vitone:
hiki cheusi, hiki cheusi kidogo, hiki karibu cheupe.
Siku ilipopigwa, hesabu ilifungwa.
Ukiitanua, hakizaliwi kitone kipya;
kilekile cha jana kinanenepa.
Kompyuta ukiiuliza katikati palikuwa na nini, hubahatisha,
nayo haikumjua mumeo.

Akatoa kadi yake ya kazi: fundi viatu,
na buti alilolichora mwenyewe kwa mkupuo mmoja wa kalamu.
Hilo nililifuata kwa kipanya, polepole:
anzia hapa, nyooka hadi pale, pinda hivi, funga.
Sisi wa dukani tunaita vekta.
Si picha tena, ni maelekezo ya njia,
na maelekezo hayachoki kwa umbali.
Nikalikuza likawa lori: kisigino bila mkwaruzo.
Nikalipunguza likaenea kwenye kifungo cha shati. Bado buti.

"Basi mchore na yeye hivyo."

Nilijaribu mpaka umeme ukakatika, ukarudi.
Mstari wa taya, mstari wa pua, miduara miwili.
Alitoka laini, safi, mtanashati,
mtu yeyote wa kwenye noti ya benki.
Kovu la chini ya mdomo halikuwa na mstari wake;
lilikuwa vitone vitatu tu vya kijivu,
navyo ndivyo alivyovitafuta kwa kidole juu ya kioo.

Alikaa. Chai yake ikapoa.

Sasa ukipita makaburini, upande wa reli,
utaona buti limejaa jiwe zima,
jeupe juu ya weusi, unalisoma toka barabarani.
Na chini kabisa, pembeni,
uso usiozidi kiganja.

"Anayetaka kumwona," alisema Hripsime akihesabu noti,
"na ainame."