Kitufe cha Kuoanisha

Usiku kucha faili lilishuka, gigabaiti mbili,
huku Winnipeg ikizikwa na theluji hadi madirishani.
Nikabofya. Vigelegele vitupu, kioo cheusi.
Harusi ya Mwanaidi nikaisikiliza kama redio.

Nikapakua programu nyingine, ya bure.
Ikadai kodeki, kodeki ikadai kodeki nyingine,
katikati likajipenyeza tangazo la viatu.
Sasa picha ipo, nyuso kijani kama kisamvu,
shangazi Zamzamu anaimba, hasikiki,
kama karani nyuma ya kioo cha benki.

Shekuwe akapiga simu toka ghorofa ya chini:
"Weka ile yenye koni ya barabarani, acha ubishi."

Nikaiweka. Haikuuliza kitu, ikacheza.
Ila sauti yachelewa sekunde moja na nusu:
Mama anacheka, anafunga mdomo, anageuka,
ndipo kicheko kinafika.

Kipo kitufe cha kuvioanisha, sauti na midomo.
Kidole kiko juu yake.
Nje katapila linakwangua barabara.
Huku saa tisa usiku,
kule saa hizi wanapakua wali.

Nikarudisha nyuma kidogo,
Mama akafunga mdomo,
nikasubiri.