Kigingi cha Kumi na Saba

Ramani wameitandaza juu ya rundo la mabanzi,
wakaibana kwa mawe manne: upepo wa Mufindi hauna adabu.
Afisa mipango anasema, "Nyumba nafuu, vyumba viwili,
kwa wafanyakazi wakazi wa bonde hili."
Nafuu. Neno la wodini hilo.
Mgonjwa akipata nafuu, bado hajapona.

Mimi napasua mbao, huu mwaka wa kumi na moja.
Makenchi ya mapaa ya Dodoma yamepita mikononi mwangu,
na mvua ya Machi hunikuta Kinyanambo,
chumba kimoja, kodi ya miezi sita kwa mkupuo,
ndoo mbili zikipokezana zamu usiku.

Sekalinga wa kiwanda cha chai aliuliza bei.
Afisa akakohoa. Akataja.
Tukahesabu kwa vidole,
tukaazimana vidole.

Sekalinga hakuketi.
"Igawe hiyo bei kwa miaka ishirini.
Mlango uelekee jua la asubuhi, Juni ya huku huijui.
Na mtu wa mbali asinunue tatu
aje atupangishie sisi."
Aliliandika hilo la mwisho? Sikuona vizuri.
Kalamu ilitembea, hilo nakubali.

Jioni nilirudi peke yangu na nyundo.
Kigingi cha kumi na saba kilikuwa kimelala topeni,
labda ng'ombe, labda mtu.
Nikakisimamisha, nikakigonga mara tatu.
Ubao wake naujua:
paini, mbichi bado,
niliupasua mwenyewe Jumanne.