Mvua, Deni na Uzi

Tangu alfajiri bati linapigwa kama lina kesi.
Ujumbe wa tajiri uliingia saa moja kasoro:
Jangwani pamefungwa, baki huko huko.
Nikausoma mara mbili, nikavua buti.

Deni hakushangaa. Deni ni mbwa wangu,
nimemwita hivyo kwa kuwa alinifuata
kutoka kituo cha Kimanga hadi mlangoni,
na tangu siku hiyo kila nikigeuka yupo.
Gereji huniuliza, "Dawa yake nini?"
Nawajibu: dagaa wa jero na ugali uliolala.

Leo ananuka godoro lililosahaulika nje.
Kalalia kandambili yangu ya kushoto,
ananikopesha joto, hadai riba.

Ndoo mbili, sufuria, kopo la rangi
vimejipanga chini ya dari,
kila kimoja na sauti yake:
ndoo inasema ndo,
sufuria ti,
kopo lina mafua.
Umeme ulikatika chai ikiwa bado vuguvugu.
Nikainywa hivyo hivyo.

Ndipo nikafunga mlango, komeo la juu na la chini,
nikashusha pazia kama mwizi nyumbani kwake,
nikavuta mvunguni boksi la viatu
lisilo na viatu.

Uzi mweupe. Uzi wa rangi ya ubuyu.
Sindano ya kroshia ya marehemu mama,
imepinda kidogo shingoni
kama alivyopinda mwenyewe miaka ya mwisho.

Mimi, Agapiti, fundi breki wa Gerezani,
mwenye kucha zisizotakata hata kwa sabuni ya unga,
mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara,
nafuma vitambaa vya makochi.
Kochi lenyewe ninalo moja.
Vitambaa vimefika kumi na tisa.

Ajuaye ni Deni, na Deni hasemi.
Huutazama uzi ukiingia, ukitoka,
kichwa upande, kama karani anayesubiri kosa.
Leo uzalendo ulimshinda. Akalikwapua bonge,
akakimbia nalo jikoni, akazunguka miguu ya meza,
nami nikaufuata uzi kwa magoti,
tukakutana mvunguni mwa meza, pua kwa pua.
Nikacheka kwa sauti, peke yangu,
na nilipomaliza nyumba ikawa kubwa kidogo.

Saa tisa, hodi.
Nikafungua bila kufikiri.
Bi Siwatu wa nyumba ya pili,
mwavuli wake umevunjika ubavu,
anaomba kibiriti, chake kimelowa.
Haingii. Ana udhu wa alasiri,
na pua ya Deni haina adabu.
Nami nimesahau: bonge liko kwapani,
kitambaa kinaning'inia kidoleni kama ushahidi.

Akakitazama. Mvua inamwagikia bega.
Nikatafuta uongo, nikapata kikohozi.

"Hapo," akasema, akaonyesha kwa mbali,
"mzunguko wa tatu. Umeruka tundu.
Ndiyo maana kinajikunja."

Basi. Hakuna lingine.
Akapokea kibiriti, akakifunga kwenye pindo la kanga,
kisha akatoa kijifuko, akadondosha kizingitini
kichwa cha changu, cha jana, bado kina macho.
"Na wewe kaa hapo hapo," akamwambia Deni,
na Deni akakaa, utii ambao mimi sijawahi kuuona.
Kumbe huyu ana mdhamini mwingine.

Nikarudi kwenye kochi. Nikafumua.
Kufuma kumenila asubuhi nzima,
kufumua kukaisha kabla ndoo haijajaa.
Kesho tajiri ataniuliza siku nimeimalizaje,
nitasema nililala.
Au labda nitasema tu, sijui,
inategemea nani yupo.

Pazia nimeliacha wazi, natafuta mwanga.
Nje bado inanyesha ile ya kunuia.
Deni anavunja mifupa kwa utaratibu,
nami nahesabu: tundu moja, mawili, matatu,
lile nililoliruka
sasa naliona vizuri.