Mizani ya Kangomba

Mbwa wa ghala tulimwita Kangomba kwa utani.
Alizaliwa msimu ule wa kukimbizana,
wanunuzi wa vibaba wakipita usiku na pikipiki,
na yeye, kitoto cha wiki tatu,
akilala ndani ya bakuli la kielelezo.

Mwaka huu macho yake yakageuka mabibo.
Siyo yale mekundu. Yale ya njano,
yanayojiangukia yenyewe.
Fizi njano. Ngozi ya tumbo, pale manyoya yanapokonda, njano.
Na mkojo wake kwenye ukuta wa ghala:
chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Wakasema ni salfa, amelamba mifuko.
Wakasema mpe mwarobaini.
Wakasema mpe Panadoli, nusu tu.
Daktari Nampunju, aliyezoea mbuzi na kuku,
akasema Panadoli hiyo mkaitupe chooni,
na paka wa jirani asiione.

Alimbonyeza chini ya mbavu, akanyamaza.
"Nyongo imekuwa uji. Inapita kwa shida.
Ingekuwa imeziba kabisa, dawa hii nisingeiandika."
Akaandika jina refu.
Nililisoma mara tatu, likanishinda mara nne.
"Zamani waliijua kwenye nyongo ya dubu," akasema,
"siku hizi inatoka kiwandani."
Dubu! Kitangari hii?

"Ana kilo ngapi?"

Hapo kazi yangu ikaniita.
Miaka kumi na moja mimi ni karani wa mizani,
napima jasho la watu,
najua bamba hili linavyodanganya
likiegemea ukuta.
Lukanga kuli akamshika masikio asishuke.
Foleni ikaangua kicheko:
"Daraja la kwanza au la pili?"
"Toa uzito wa gunia, Somoe!"
Kilo kumi na saba na nusu.
Sijawahi kuandika kilo kwa mkono mzito vile.

Duka la dawa Mtwara mjini, kwa simu:
Jina la mgonjwa?
Kangomba.
Umri?
Sita.
Anakula?
Anatapika povu la njano.
"Maskini. Pole, mama."
Sikumsahihisha.

Kifurushi kikaja na basi,
bei yake kilo thelathini za korosho safi.
Nakata kidonge kwa wembe,
nusu asubuhi, nusu jioni, pamoja na chakula.
Nakificha ndani ya tonge la ugali wa muhogo,
nalipaka samaki mkavu.
Yeye hula ugali, hula samaki, hulamba vidole vyangu,
kisha hukitema kile kinusu, kisafi, kimeoshwa,
juu ya kandambili yangu.
Tunaanza upya.

Binti Mchinama alisimama mlangoni:
"Watu wanakosa dawa, wewe unampa mbwa."
Ni kweli. Sikuwa na jibu,
nilikuwa na wembe mkononi.

Ila usiku, nikimmulika tochi machoni
kuona kama njano imepungua,
humwona mama mdogo, Esha Nalinga,
kwenye mkeka, mwaka ule wa njaa ya nzige,
macho yake hayahaya.
Tulisema ni mkono wa mtu.
Tukamtafuta huyo mtu hadi ng'ambo ya Ruvuma,
tukamtuhumu mkewenza, nyongo mkalia ini,
tukagombana hadi leo hatuzikani.
Kilo zake hakuna aliyeziuliza.

Leo siku ya ishirini na tatu.
Daktari alisema wiki sita, kisha tuone.
Wembe umeanza kutu.
Mkojo ukutani ni kama chai iliyoongezwa maji,
au labda ni umande, sijui.
Amepanda mizani mwenyewe, bila Lukanga,
akakaa, akaning'ong'a kwa jicho moja.

Imesoma kumi na nane.

Nimeisogeza mbali na ukuta.
Napima tena.